Mashine Ianzie kwa Nani

Kama kuna mtu aliyewahi kusema "sina mengi" na kweli akawa hana mengi, basi huyo hakuzaliwa Naitiri. Kwetu mtu akisimama mkutanoni na kutamka maneno hayo, kina mama huvua viatu na kunyoosha miguu, maana wanajua safari imeanza. Na bingwa wa safari hizo alikuwa Mzee Khaemba, naibu chifu mstaafu, mwanachama wa kikundi chetu cha wakulima, mtu wa roho safi na ulimi usiojua njia ya kurudi nyumbani.

Mimi, Nanyama, nilichaguliwa mwenyekiti kwa ahadi moja tu: mikutano itakuwa mifupi. Sina subira na sijawahi kujifanya ninayo. Nilienda hadi Mabanga kwa semina ya viongozi wa vikundi, nikarudi na mbinu mpya: anayeshika gunzi la mahindi ndiye anayesema, wengine wananyamaza. Mkutano wa kwanza Mzee Khaemba akalishika lile gunzi, na hakuliachilia mpaka ng'ombe wa watu wakaanza kulia wakidai kukamuliwa. Nikabadilisha. Nikaweka sheria kwamba kila msemaji ana dakika tatu, na Jentrix, mwanakwaya wetu mwenye sauti ya kupasua mabati, atapiga sufuria zikiisha. Hiyo ilifanya kazi. Mzee alipigiwa sufuria mara mbili, akanuna, nami nikajiambia nimemweza.

Kisha ikaja siku ya mashine.

Ilikuwa Novemba 2006, na mvua ilikuwa imekataa kuondoka. Kikundi kilikuwa kimekodi mashine ya kupukuchua mahindi kutoka Kitale, inayovutwa na trekta la kijana mmoja aitwaye Kipkoech. Ilichelewa kutufikia, na siku ilipofika, mawingu yalikuwa yakijipanga juu ya Mlima Elgon tangu asubuhi. Kila mtu alitaka ianzie kwake. Wa kwanza angepukuchua kabla ya mvua, na wengine wangebahatisha.

Nami nilikuwa na rundo la mahindi uani, yangali kwenye magunzi, wazi kabisa, kwa kuwa turubai langu lilikuwa limetafunwa na panya likabaki wavu. Hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba yangu mpaka mavuno mengine. Yakilowa yangeota kuvu, na mahindi ya kuvu hayaliwi. Lakini mwenyekiti hawezi kusimama mbele ya watu akasema mashine ianzie kwangu. Wangenitafuna mbichi. Nikafunga mdomo, nikatumaini kwamba mtu mwingine angenitaja.

Kipkoech aliegesha trekta lake kando ya uwanja tulimokutana, akapewa kikombe cha chai.

"Mama, mimi nakunywa hii chai tu," akaniambia. "Ikiisha na hamjaniambia naenda kwa nani, naenda Kiminini. Huko watu wananingoja na hawana mikutano, bana."

Nikafungua kikao papo hapo. "Ajenda ni moja. Mashine ianzie kwa nani. Dakika tatu kila mtu. Jentrix, shika sufuria."

Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Mzee Khaemba.

"Mwenyekiti, mimi sina mengi." Viatu vikaanza kuvuliwa. "Na kwa sababu dakika ni tatu, mimi hata sitahutubia. Lakini kazi kubwa kama hii, si lazima ianze na Mungu? Tuombe."

Vichwa vyote vikainama. Nilimtazama Jentrix: sufuria ilikuwa mkononi, lakini macho amefumba kabisa. Ni nani atakayempigia Mungu sufuria? Hapo nikajua mzee amenizunguka.

"Baba," akaanza, "wewe uliyeumba mbingu na nchi, ukamwonya Nuhu juu ya mvua, ukampa na mbao za safina..." Alipomaliza na Nuhu alihamia Misri, kwa Yusufu na maghala yake. Kutoka Misri akaja Naitiri bila kupumzika. "Unamuona Phelista, Baba, paa lake linavuja. Unamuona Nekoye, balabala ya kuingia kwake ni matope matupu. Mkumbuke Mukhisa na mgongo wake." Akawa anataja kila mtu na shida yake, polepole, kama mtu anayegawa sukari kwa kijiko.

Radi ikanguruma. Nikafumbua jicho moja na kuona kikombe cha Kipkoech kimeinama sana.

"Amina!" nikasema.

"Amina!" watu wakaitikia kwa furaha.

"Amina kabisa," akasema Mzee, "na tena, Baba..."

Nikamkanyaga Jentrix mguu. Akaelewa, akaanzisha pambio. Tuliimba, tukapiga makofi, na Mzee naye akatia besi nzuri sana. Alingoja tumalize, kisha akaendelea palepale alipokuwa ameachia.

"Haraka haraka haina baraka, Baba, wewe unajua."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikanong'ona, na sijui kama nilikuwa nikimwambia Mungu au Mzee.

Kipkoech akamwaga machicha ya chai kwenye nyasi. Mori ukanipanda. Nikakumbuka desturi ya makanisa ya kiroho, ambapo watu huomba wote kwa pamoja, kila mtu kwa sauti yake. Nikainua mikono juu.

"Wapendwa, tumsaidie mzee! Kila mmoja aombe kwa kinywa chake! Sasa!"

Hata Wakatoliki wetu, ambao huomba kwa adabu, walilipuka. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesahau ajenda, kila mmoja alimweleza Mungu ya kwake. "Bwana, kwangu njia ni nzuri, trekta haliwezi kukwama!" "Yesu, si unajua mimi ni mjane!" "Baba, usimsikilize Mukhisa, yeye ako na ghala!" Sauti ya Mzee ilizama humo ndani. Midomo yake ilicheza, mkono ameunyoosha upande wangu, lakini sikusikia hata neno moja. Juu ya zote ikapaa sauti ya Jentrix: "Mashine ije kwa Jentrix, Bwaaana!"

"Amina!" akajibu Kipkoech, na kuwasha trekta. "Huyo mama nimemsikia. Twende."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nani angebishana na maombi yaliyojibiwa? Nikatangaza kikao kimefungwa, na sijawahi kuendesha kingine kifupi kama kile.

Mvua ilinikuta njiani, na kicheko kikaniisha. Nilipofika uani matone makubwa yalikuwa yakilipiga lile rundo. Nikashika karai, nikaanza kuingiza mahindi jikoni, nikijua fika kwamba jiko halitameza hata robo yake. Nililia kwa hasira. Ndipo nikamwona Mzee Khaemba akija mbio, na uzee wake wote, turubai lake limekunjwa begani.

"Shika kona, mayi, mama yangu! Shika!"

Tukalitandaza juu ya rundo. Upepo ulikuwa ukilinyanyua, ikabidi tusimame tukilivuta, yeye upande ule, mimi huku. Sehemu kubwa ya mahindi ilikuwa imelowa tayari.

"Nilikuwa nimebakisha jina moja tu," akasema, maji yakimchuruzika puani.

"Jina la nani?"

"Si ni lako! Wewe huwezi kujitaja. Nikasema nitaje shida za wote kwanza, roho zilainike, halafu wewe nikuweke mwisho kabisa, karibu na Amina. Nani angekataa?"

"Na mbona hukuanza na mimi?" nikamfokea.

"Ningeanza na wewe, wangesema mwenyekiti amenipanga."

Nikaivuta kona yangu kwa nguvu zaidi. Maneno yale yaliniuma kuliko mahindi yenyewe.

"Basi malizia," nikamwambia. "Malizia sasa, nikisikia."

Mzee akafumba macho palepale mvuani. "Baba, na huyu Nanyama pia. Mahindi yake yako nje na yeye anahangaikia yetu. Amina."

Nikangoja, kichwa nimekiinamisha, kona ya turubai mikononi.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Endelea kidogo, Mzee," nikasema.