Fimbo ya Baba, Mkono wa Binti

Fundi lifti alipopanda jukwaa la mazoezi kwa mara ya kwanza na fimbo ya baba yake ya kuongozea muziki mkononi, orkestra ya mtaa ilimtazama kama abiria wanavyomtazama dereva mgeni. Akainua mkono, akaushusha. Tarumbeta, ambazo wapigaji wake wengi walikuwa wapya, ziliingia palepale. Fidla, zilizoshikwa na wakongwe, zikaja baadaye kwa starehe zao, kana kwamba zilipitia sokoni kwanza.

"Mabati yameporomoka!" alisema mpiga besi, ambaye kazi yake ni kuuza viatu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mmoja tu hakucheka: kinyozi, kiongozi wa fidla, mdogo wa baba yake. Alilaza upinde magotini, akasema kwa upole uliochoma kuliko kicheko, "Mwanangu, hapa hatutengenezi lifti. Ongoza kama baba yako."

Hapo ndipo palipouma. Baba yake ndiye aliyeianzisha orkestra ile, hata watu wakamwita Mzee Fimbo. Sasa bega lake lilikuwa limekataa kazi kabisa. Alipong'atuka aliwaambia wapigaji, "Mpeni binti yangu fimbo mpaka tamasha lipite. Kesho yake kaeni mchague: yeye, au mdogo wangu."

Kinyozi alikikalia kiti cha kwanza cha fidla tangu ukumbi ule ulipokuwa ghala la saruji, na hakuwa ameficha kwamba anaitaka fimbo. Binti naye aliitaka, tena kwa uchu. Alikuwa amesoma muziki madarasa ya jioni, grisi ikiwa bado kwenye kucha, na hakuwa tayari kuonekana mtoto aliyeachiwa kiti cha baba akipashe joto.

Alipofika nyumbani alimkuta mzee sebuleni, akijikanda bega kwa kitambaa cha moto.

"Wanachelewa, Baba. Wanapiga baada ya fimbo."

"Mbona kwangu hawakuchelewa?"

"Hebu nionyeshe unavyowaanzisha."

Mzee akainua mkono kwa taabu. Bega likakwama njiani, likaachia ghafla, mkono ukaanguka kama gunia. Kisha ukaanza kurudi juu polepole. Binti akaona kila kitu. Kadiri bega lilivyoharibika, wapigaji walijifunza kutouamini ule mwanguko. Walingoja mpaka fimbo ianze kurudi juu, ndipo wakapiga. Hakuna aliyeamua hivyo, wala aliyemnong'oneza mwenzake. Walilihurumia bega mpaka bega likawa ndilo linalowaongoza.

"Basi niige," mzee alisema, kwa haya kidogo. "Jifanye unaumwa."

Binti alicheka, lakini moyoni alikataa. Kuiga kungekuwa rahisi, na pengine kungempatia kura. Ila yeye alikuwa fundi. Lifti inayosimama kiganja kimoja chini ya sakafu ni mbovu, hata kama wakazi wote wameshazoea kuruka.

Kwenye mazoezi yaliyofuata aliwaambia wageuze viti, kila mtu atazame ukuta.

"Tumekosa nini, tunaadhibiwa?" muuza viatu akauliza.

"Geuka tu, mjomba. Leo siongozi." Naye akaketi. "Sikilizeni pumzi ya kiongozi wa fidla. Akivuta, vuteni. Akianza, anzeni."

Kinyozi aliduwaa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, si kwa heshima. Akavuta pumzi kwa nguvu puani, na mara ile ya kwanza walitawanyika kama kuku. Wakarudia, wakarudia tena, mpaka midomo ya wapiga tarumbeta ikafa ganzi. Mwishowe sauti ikatoka moja, nzito, ikagonga ukuta na kuwarudia vifuani.

"Kumbe tunaweza!" mpiga filimbi akapayuka.

Binti akawageuza, akasimama mbele yao. "Sasa, baba mdogo, nikivuta pumzi, vuta pamoja nami. Usiungoje mkono."

"Na nikikataa?"

"Utawavuta wote nyuma, kwa sababu wanakufuata wewe. Nalijua hilo. Ndiyo maana nakuomba."

Kinyozi akainua fidla yake begani. Tangu siku hiyo mara aliingia naye, mara alibaki nyuma, na hakuna aliyejua kama ni mazoea au ni ukaidi. Siku ya tamasha ikafika bila ahadi yoyote.

Ukumbi ulifurika, wengine wakasimama madirishani. Mzee Fimbo aliketi mstari wa mbele. Binti akainua mkono. Kinyozi alimtupia jicho kaka yake, kisha akamgeukia binti, akamkazia macho. Binti akavuta pumzi. Kifua cha kinyozi kikajaa wakati uleule.

Mkono ukashuka, na orkestra nzima ikaingia kwa pamoja. Mwanzo haukuwa na mkia wala pengo. Sauti ilitoka nzima kama mlango mkubwa uliofunguliwa kwa msukumo mmoja, na watu wa mbele wakaegemea nyuma. Kuanzia hapo muziki ulikimbia ulipotakiwa kukimbia, ukatua ulipotakiwa kutua. Noti ya mwisho ilipokatika, ukumbi ulilipuka kwa makofi.

Binti akawaashiria wapigaji wasimame wapokee sifa zao. Hakusimama mtu. Akaashiria tena. Wamekaa vilevile, macho kwa kinyozi, na kinyozi amekunja nne.

"Simama, baba mdogo," alinong'ona.

"Hatusimami."

Ndipo kinyozi alipoanza kugonga stendi ya nota kwa upinde, polepole, kisha kwa kasi. Fidla zote zikafuata. Wapiga tarumbeta wakapiga miguu sakafuni, muuza viatu akalipiga kofi tumbo la besi yake, jukwaa likatetemeka.

"Makofi haya ni yako peke yako," kinyozi alipaza sauti. "Sisi tutasimama baadaye. Geuka uyapokee, kiongozi!"

"Na kura ya kesho?"

"Kesho nina vichwa vya kunyoa. Nani ana muda wa kura? Geuka, mwanangu, watu wanakungoja!"

Fundi lifti akageuka, akaukabili ukumbi mzima uliosimama, akainama.