Ukuta Uliokunywa Maji

Bomba lilianza kuvuja Alhamisi, pale lile la barabarani linapoungana na letu, chini kabisa ya ukuta wa nyuma. Ukuta wenyewe wa matofali mabichi. Upande wa pili, hatua moja tu, kulikuwa na kitanda cha binti yangu Mujinga, na juu yake mtoto wa siku mbili. Sasa niambieni, mimi ningetulia vipi?

Nilikifunga kiungo kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Maji yakatokea kando. Majirani wakapita wakinipa methali, eti usipoziba ufa utajenga ukuta. Asante sana! Methali kila muntu alikuwa nayo. Ufunguo wa kufungia maji barabarani alikuwa nao fundi Papa Banza peke yake, naye alikuwa amekwenda Kabimba kwenye matanga.

Nikamwomba mama mkwe wangu, Bibi Émérence, tumhamishe Mujinga. Akakataa. Yeye ni wa Kirungu, na kwao mzazi havuki mlango kabla kitovu cha mtoto hakijaanguka. Aliweka kigoda chake kizingitini akaketi. Ningemsukuma, wallahi ningemsukuma, lakini mwaka juzi Mujinga alipozaa mara ya kwanza, ni mimi niliyemtoa nje siku ya tatu akaote jua. Mtoto yule hakumaliza juma. Bibi hakunigombeza hata siku moja. Huyu wa pili hakunipa nimshike, basi. Na Mujinga naye aliogopa mlango ule kuliko ukuta.

Ijumaa nzima nilikuwa nikipapasa ukuta kama muntu anayepima homa. Ulikuwa baridi, na unyevu ulikuwa umepanda ukutani hadi usawa wa magoti yangu.

Jumamosi asubuhi nikasikia Banza amerudi, lakini ameshikwa na salongo, kazi ya lazima ya mtaa, yuko anazibua mfereji. Mkubwa wa mtaa akaniambia hakuna anayeondoka kabla ya saa nne. Nikamwambia vizuri, basi ukuta ukianguka yeye ndiye atakayebeba jeneza, na liwe dogo au kubwa atachagua mwenyewe. Akamwachilia.

Banza akafunga maji, akafungua kiungo, akasugua kutu. Dukani hakukuwa na katani ya kuzibia viungo, kwa hiyo akazungushia uzi wa wavu wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, uliopakwa rangi, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akafungulia maji kidogo. Tukachuchumaa tukitazama. Hakuna tone. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Yeye hakucheka. Alisukuma kidole kwenye ukuta, kikaingia chote.

"Mama Mujinga," akasema polepole, "bomba limepona. Ukuta umekwisha kunywa. Utoe watu."

Nikakimbia mlangoni. Bibi alikuwa palepale kizingitini. Akilini nikamwona yule mtoto wa kwanza, na jua lile. Nikapiga magoti mbele ya kigoda.

"Mama, mwiko ni wa mlango?"

"Wa mlango."

"Na dirisha?"

Nyuma yake udongo ulikuwa ukidondoka kitandani. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe kwenye dirisha la mbele, akaanza kuvuta fremu kwa mikono yake ya uzee. Banza akaimalizia kwa nyundo kutoka nje. Mujinga akatangulia miguu, mimi na Banza tukampokea. Bibi akamfunga mtoto kwa kitenge kifuani mwake, akapita naye dirishani kwa shida, akipasua gauni.

Tulikuwa hatujafika barabarani ukuta ulipoanguka. Ulianguka kwa ndani, wote, juu ya kitanda.

Mujinga akaketi chini. Mimi nilikuwa nikimwomba Mungu msamaha wa mambo ya mwaka juzi, kwa sauti, mbele ya majirani. Bibi akanijia akifungua kitenge.

"Safari hii hukumuvusha mulango," akasema.

Akanipa mtoto nimshike.