Kampuni ya Chini ya Kitanda

Umma unatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu ya wiki ya tatu ya muhula, Kampuni Kuu ya Mapambo ya Mkono imefungua milango yake kwa wateja wa ndani na nje. Makao yake makuu yana ulinzi wa saa ishirini na nne, kivuli cha kutosha na mandhari ya kuvutia.

Makao makuu yalikuwa chini ya kitanda cha ghorofa, bweni la pili, upande wa dirishani. Mlinzi alikuwa buibui. Mandhari yalikuwa ndala za wasichana thelathini na sita. Mtaji wote ulikuwa sindano moja, mkasi wa kukatia kucha, na sweta kuukuu lililofumuliwa likawa bonge la uzi wa buluu.

Mwenye kampuni alikuwa msichana wa kidato cha pili ambaye bweni zima lilimwita Mkurugenzi; kwanza kwa kumkejeli, kisha kwa mazoea, na mwishowe kwa sababu alikuwa mkurugenzi kweli. Alisuka bangili kwa nyuzi tatu: fundo, kifungo cha shati, fundo, kifungo, mpaka zimezunguka mkono. Alitengeneza na vibanio vya nywele na vishikio vya funguo za masanduku. Wateja walilipa kwa vipande vya sabuni, hata ikafika mahali kampuni ikawa safi kuliko zahanati ya shule. Matroni, mama ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kuona meno yake, alichukua kishikio kimoja akasema anakwenda kukichunguza. Wiki mbili baadaye kilikuwa bado kinachunguzwa, kikining'inia kwenye funguo zake.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mkurugenzi alimtaka aione kazi yake kuliko wateja wote, naye alikuwa mama yake.

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na fundi hasa. Kila nguo iliyotoka mikononi mwa wanafunzi wake wa ufundi aliigeuza kwanza nyuma, maana alisema mbele ya kazi huwa inadanganya. Kisha aliuvuta uzi. Kazi ikiwa mbovu alisema neno moja tu, "Fumua." Ikiwa nzuri hakuisifu, alisema "haya," akaiweka upande wa kushoto wa meza. Binti yake alipokuwa na miaka tisa alikalia cherehani kwa siri akashona suruali ya mteja, akaifunga miguu yote miwili kule chini ikawa mfuko. Tangu siku hiyo alikatazwa kugusa hata kopo la vifungo. "Mikono yako ni ya kalamu, mwanangu," aliambiwa, kwa upole kabisa, na ule upole ndio uliomuuma. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwekewa kitu upande wa kushoto.

Basi iliposemekana kwamba siku ya wazazi wanafunzi wenye kazi za mikono watapewa meza, Mkurugenzi aliandika jina lake wa kwanza, kisha akarudi chini ya kitanda na kupiga mahesabu. Uzi upo. Vifungo havipo.

Hapo ndipo anapoingia Afisa Ugavi. Huyu alikuwa msichana wa kitanda cha juu, mwerevu, mcheshi, mwenye sura ya kuvutia, ambaye kwa sababu za kiusalama hatutasema zaidi juu yake. Alijitolea kuleta malighafi, na akaleta. Siku ya kwanza vifungo tisa. Siku ya pili kumi na vinne. Alisema anaviokota kwenye majani chini ya kamba za kuanikia nguo.

"Mbona vinadondoka hivyo?" Mkurugenzi aliuliza.

"Sabuni za siku hizi kali, bosi wangu."

Mkurugenzi aliamini. Kusema kweli, aliamini kwa sababu alikuwa anavihitaji. Akasuka mapumziko ya mchana, akasuka Jumamosi nzima, na kila alipomaliza bangili aliigeuza nyuma, akavuta uzi, na nusu ya alizovuta alizifumua mwenyewe. Vidole vikaota sugu. Wenzake walimwambia nyuma hakuonekani, akawajibu hawamjui mama yake.

Siku ya wazazi ilifika. Meza ilikuwa ya maktaba, kitambaa kilikuwa shuka lililokunjwa ili doa la wino liende chini. Bangili ishirini na mbili zilipangwa mstari mmoja, za rangi ya buluu yenye nukta nyeupe, na usingesema zimezaliwa jirani na ndala. Wazazi walisimama, wakazigusa, wakauliza zinauzwa mji gani. Mkurugenzi alijibu kila mmoja kwa adabu huku macho yake yakiwa getini.

Mama yake alikuja na gauni lake la kutokea na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, alisahau kuivua. Hakumkumbatia binti yake kwanza. Alisimama mbele ya meza kama mteja, akachukua bangili, akaigeuza nyuma. Akapitisha ukucha kwenye mafundo, moja moja. Akavuta. Akavuta tena kwa nguvu. Uzi haukutikisika.

Kisha mama akaisogeza bangili karibu na macho.

"Vifungo umetoa wapi?"

"Vilidondoka, mama. Kwenye kamba."

"Kifungo kikidondoka, uzi unakuwa umelika, na mara nyingine kinaondoka na kipande cha kitambaa." Hakupandisha sauti. "Hivi vina nyuzi zilizonyooka kwenye matundu. Vimekatwa kwa wembe. Tena vyote vya shati la aina moja." Akamgeukia msichana aliyekuwa karibu, akamwomba kwa heshima achomoe shati kwenye sketi. Kifungo cha chini kabisa, kile kinachoishi gizani maisha yake yote, hakikuwepo. Akamwomba wa pili. Hakikuwepo. Wa tatu akajiangalia mwenyewe, akapiga yowe dogo.

Mwalimu wa nidhamu, ambaye pua yake hunusa kosa kama paka anavyonusa dagaa, alikwishafika. Aliuliza nani amefanya hivi. Alisema asipotajwa, meza inafungwa na kila kitu kinakwenda kabatini kwake.

Mkurugenzi alimjua aliyeleta vifungo. Angeweza kunyoosha kidole, na meza ikabaki. Alitazama bangili zake, akamtazama mama yake, akanyoosha mgongo.

"Kampuni ni yangu," alisema. "Nilipaswa kuuliza vizuri vilikotoka, sikuuliza. Nijibu mimi."

Mama mtu alimtazama binti yake kwa muda, kama anayetazama nyuma ya kazi. Halafu akamwambia mwalimu asisumbuke kutafuta wembe. "Tafuta shati zima," alisema. "Anayekata vifungo vya watu hakati cha kwake."

Wasichana wote wa bweni la pili wakaamriwa kuchomoa mashati. Kifungo kimekatwa, kimekatwa, kimekatwa, mstari mzima, mpaka mwisho kabisa, nyuma ya nguzo, palipokuwa na msichana aliyekuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili kama mgonjwa wa ghafla. Mikono ikaondolewa. Kifungo kilikuwepo, kinang'aa.

Shati lilikuwa langu.

Nakiri, basi. Afisa Ugavi ni mimi, na ninayewasimulia haya yote ni mimi. Wembe ulikuwa wangu, kamba za nguo za mabweni yote nilizizungukia wakati wa kipindi cha michezo, na changu sikukikata kwa sababu shati lile mama yangu alilinunua kwa shida na ningemwambia nini. Hilo la mashati ya wenzangu kununuliwa na mama zao pia halikunijia kichwani mpaka nilipokuwa pale nyuma ya nguzo, nikimsikiliza rafiki yangu anabeba mzigo wangu bila kunitazama. Na ile sura ya kuvutia, hapo nilitia chumvi.

Fundi alitoa hukumu kabla ya mwalimu. Vifungo vyote vifumuliwe, virudi kwa wenyewe, na mwenye wembe ndiye atakayevishona. Kampuni ingeletewa kopo la vifungo kutoka dukani kwake, lile lile lililokatazwa kuguswa. Kisha akaishika ile bangili, akaigeuza mara ya mwisho.

"Kazi," alimwambia binti yake, "haya." Akaiweka upande wa kushoto wa meza, peke yake.

Mkurugenzi aliinama kupanga bangili zilizokuwa zimepangika tayari, akazipanga muda mrefu sana. Nami, mhalifu, nilivimba kichwa kana kwamba nimewekwa kushoto mimi.

Vilikuwa vifungo mia moja na kumi na saba. Nilikaa chini ya kitanda, makao makuu, nikashona cha kwanza kwa uangalifu wote, nikampa Mkurugenzi akague. Aliligeuza shati nyuma, akavuta uzi, akanirudishia.

"Fumua."