Shemasi Aliyejificha Stoo

Mjinga wa siku ile alikuwa Randa seremala, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza atakuvutia kiti, akipanguse vumbi la mbao, akusimulie huku akicheka mpaka misumari imdondoke mdomoni.

Kwanza ujue desturi ya kanisani kwao. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, washirika wa kanisa lile dogo hula pamoja. Kila nyumba huja na sufuria yake, na vyote humiminwa katika masufuria makubwa ya kanisa mpaka isijulikane kuku wa nani na mchuzi maji wa nani. Tangu asubuhi hakuna aliyegusa hata chai. Sahani hupangwa mezani zimefunikwa. Ukifika, unaifunua yako. Ikibaki hata moja imefunikwa, hakuna anayekula. Watasubiri. Ndivyo walivyoleana: tumbo lijue kwamba lina ndugu.

Sasa, siku hiyo Randa alikuwa awekewe mikono awe shemasi wa meza, mshika upawa, mgawaji wa chakula cha wote. Miaka mitatu aliililia kazi hiyo. Mkewe alimpigia shati pasi mpaka kola ingeweza kukata mkate. Lakini njaa haitazami kola. Mahubiri yakazaa mahubiri mengine, na harufu ya kuku ikapita dirishani ikamvuta Randa kwa pua kama ng'ombe wa kamba.

"Naenda kukagua meza," akamnong'oneza mkewe.

"Kagua kwa macho, baba."

Jikoni hamkuwa na mtu. Akaonja mchuzi. Mchuzi ukamshauri aonje paja. Paja likamwita mwenzake, na mwenzake naye kumbe alikuwa na ndugu. Randa alikuwa na la tatu mkononi aliposikia sauti ya mama mkwe wake, mpishi mkuu, akija na akina mama wenzake. Jamani, mkwe! Heri simba. Akaruka stoo, akavuta mlango, akajikunyata kati ya gunia la mchele na madumu ya mafuta, paja kinywani.

Ibada ikaisha. Watu wakaketi, sahani zikafunuliwa zote, isipokuwa moja.

"Ya nani hiyo?" akauliza mchungaji.

"Ya mume wangu," akajibu mkewe. "Aliniaga anakuja huku huku."

"Basi tumsubiri."

Ukuta kati ya stoo na ukumbi wa kulia ulikuwa wa mbao, tena alioupigilia Randa mwenyewe kwa haraka zake, kwa hiyo alisikia kila neno na kila tumbo lililonguruma. Wakaimba. Wakaimba tena. Watoto wakaanza kulia. Mtu akatumwa kuchungulia chooni, akarudi mikono mitupu. Ndipo wakaanza kumwombea.

"Bwana, mlinde mja wako popote alipo!"

"Amina!"

"Kama yumo gizani, mtoe!"

"Amina," akaitikia Randa humo gizani, kwa mazoea, mfupa mdomoni. Kicheko kikampanda, akajibana mbavu mpaka madumu yakatikisika.

Kikakatika ghafla aliposikia gongo likigonga sakafu. Lilikuwa la mzee mchomelea vyuma, mwenye goti bovu.

"Nyinyi kaeni," mzee akasema. "Namfuata kwake. Siwezi kumeza kitu bila kumwona kijana yule."

Jua lilikuwa utosini, na njia ya kwa Randa ni mlima mtupu. Stoo ilikuwa na dirisha la nyuma. Angetoka, azunguke, aje na uongo ulionyooka. Mkono ulishashika komeo. Gongo likagonga tena, karibu na mlango wa nje. Randa akaliachia komeo, akafungua mlango wa ukumbini.

"Mzee, rudi ukae. Niko hapa."

Kidevu kinang'aa mafuta, mifupa mitatu mkononi.

"Nilikuwa naonja chumvi," akaanza, kisha akainamisha kichwa. "Hapana. Nilikula. Mnisamehe."

Mtoto mmoja akacheka pwaa! Ukumbi mzima ukaripuka. Mchungaji akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Mwalimu wa kwaya peke yake alinuna.

"Huyu ndiye wa kupewa upawa? Fisi akabidhiwe bucha?"

"Si amekiri?" akasema mzee mchomelea vyuma.

"Amekiri ameshashiba!"

"Mwalimu amesema kweli," Randa akasema taratibu. "Mpeni mwingine."

Huyu akavuta huku, yule kule, mchuzi unapoa. Mwishowe mama mkwe akapangusa mikono, akachukua upawa, akauweka kwenye kiganja cha mkwewe.

"Mwalimu, keti," akasema. "Humu ndani ni huyu peke yake asiye na njaa, sufuria tumwachie nani, wewe?"