Ubeti Wangu Ulivuka Mpaka

Niseme mapema, mimi si mtu wa kulialia. Nina miaka kumi na miwili nasuka watu, na kwenye kile kiti changu nimeona wanawake wakimwaga machozi ya kila aina. Nawapa taulo, naendelea na kazi. Kwa hiyo mtu asinionee huruma. Ninachotaka ni kusema tu, nisije nikapasuka.

Kuna wimbo wa mapenzi ambao watu wote wa pande hizi wanaujua. Sisi tunao, wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanao, na wale wa milimani wanao kwa lugha yao. Kila mmoja anaapa kwamba wengine wameuiba kwake. Sauti ni ileile, kiitikio ni kilekile: usifunge mlango, niko njiani. Tofauti iko kwenye ubeti wa mwisho. Huo mwanamume anamtungia mwanamke wake mwenyewe, kwa jambo linalomhusu yeye peke yake, na akishamtungia ndiyo basi, hampi mwingine. Aliyenieleza haya ni mama mkwe wangu. Yeye kazaliwa ng'ambo, kaolewa huku, anauimba kwa lugha zote mbili.

Mimi nilikuwa bado najifunza kazi siku mume wangu, fundi friji, alipoitwa saluni kutengeneza drayari. Siku hiyohiyo nilikuwa nimejiunguza kwa pasi ya nywele ndani ya kiwiko, nikajikaza nijifanye siumii. Alinitania huyo! Wiki ya pili akarudi na ubeti: "Mwenye alama ya pasi ndani ya kiwiko, hapo ndipo nitakapolaza shavu langu." Sasa mtu akikuimbia hivyo unafanyaje? Nikaolewa.

Mama mkwe tunakaa naye mwaka wa nne sasa, tangu mguu uanze kumsumbua. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, basi huyu nilimfanya mama kweli, si kwa mdomo tu. Kila Jumapili asubuhi namkalisha kwenye kigoda uani, namwosha nywele, na tunawasengenya majirani wote, hatumwachi hata mmoja. Mawifi zangu walikuwa wakinicheka: "Wewe uliolewa na mama, si na mwana." Nami nawajibu, "Ndiyo, na nimepata!"

Alhamisi iliyopita akaingia dada mmoja mgeni, kashuka kwenye basi la ng'ambo. Anataka nywele za kupendeza, kwa sababu Jumamosi mchumba anakwenda kujitambulisha kwao. Mchangamfu ajabu, anaongea lugha yetu kwa lafudhi yao. Katikati ya kusuka akaanza kuuimba ule wimbo, nami nikadakia kwa lugha yangu. Yeye ubeti, mimi ubeti, saluni nzima inapiga makofi. Tulipofika mwisho nikamwambia, "Haya, tuimbie wako sasa, tusikie bwana kakutungia nini."

Akauimba kwa lugha yao, kisha akatutafsiria huku anaona haya: "Mwenye alama ya pasi ndani ya kiwiko, hapo ndipo nitakapolaza shavu langu."

Mikono yangu ikaganda kichwani mwake.

"Alama yenyewe iko wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Sina, dada! Hata mimi nilimuuliza. Akasema ni maneno tu ya wimbo."

Maneno tu ya wimbo! Jamani, mwanamume kakosa hata haya ya kutunga mengine. Kaokota kovu langu, kaenda kumvisha mtu ambaye hajawahi kuungua.

"Anafanya kazi gani huyo bwana?"

"Fundi friji, wa hukuhuku kwenu. Na mkewe waliachana zamani. Lugha yetu anaibabaisha tu, hayo maneno yalitafsiriwa na mama yake. Mwezi uliopita walikuja wote wawili kunisalimia. Mama mcheshi yule, ingawa mguu wake mbaya!"

Mwezi uliopita mama aliniambia anakwenda kumwona dada yake. Nguo zake nilizikunja mimi. Dawa ya kuchulia mguu niliifunga mimi.

Nikakunja mkono wa blauzi, nikamwonyesha kiwiko. Alikitazama weee.

"Dada, haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Kaa vizuri nikumalizie."

Nikammalizia kichwa chote, na zilitoka safi. Tukiwa tunamalizia nikamwomba anifundishe ule ubeti kwa lugha yao, neno kwa neno. Alipotoka nje nilimsikia akimpigia baba yake, akimwambia Jumamosi haipo tena.

Habari zikamfikia mume wangu. Tangu Alhamisi hajakanyaga nyumbani, na simu yangu hapokei. Mama naye akajifanya hajui kitu: "Mwanangu kapata kazi nyingi wiki hii." Mimi nilikuwa naisubiri Jumapili.

Nikamkalisha uani kama kawaida. Nilipokwisha kumpaka shampuu nikauimba ubeti wangu, kwa lugha ya kwao. Mabega yake yakakakamaa.

"Nani kakufundisha?"

"Yule uliyemtafsiria."

Povu linamshuka shingoni.

"Mwanangu alikuja kuniomba maneno," akasema. "Ulitaka nimkatalie?"

"Nilitaka uniambie, mama."

"Ningekuambia ungeondoka." Hata sauti hakupandisha. "Nilimwambia, oa huko ukitaka, lakini huyu wa nyumbani asijue, asije akanikimbia. Mguu huu ungeuguzwa na nani?"

Kumbe! Miaka minne mimi nina mama, na yeye ana muuguzi. Niliumia, sifichi. Niliumia kuliko Alhamisi, maana mume nilimjua ana mdomo mtamu, lakini huyu nilimwamini hata nikiwa nimelala.

Nikamsuuza taratibu, povu lisimwingie machoni, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazi. Nikamwekea taulo mapajani, na juu ya taulo nikaweka simu yake.

"Mpigie mwanao aje akukaushe," nikamwambia. "Yangu hapokei. Yako atapokea."

Nikaingia ndani kufungasha nguo zangu.