Cheti Kilichoanikwa na Karafuu

Jumapili asubuhi Bi Mwanawema alitoa cheti cha shahada cha bintiye sandukuni, akakuta kimeanza kuota ukungu pembeni. Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto na majamvi yametandikwa uani, basi akakifanya kama afanyavyo kitu chochote chenye unyevu. Alikianika juani katikati ya karafuu, akakimwagia nyingine juu kisipeperuke. Siku ya nne karafuu zilikauka, na cheti nacho.

Bintiye, Ruweida, alikuwa na shahada hiyo moja tu, ya utawala, na huu ulikuwa mwaka wa tatu akitafuta kazi. Alipoona karatasi imegeuka rangi ya kahawia hakufoka. Mama huyu alichuma karafuu za watu ili yeye asome, na mtu kama huyo humfokei.

Alikwenda nacho kwenye usaili katika ofisi moja mjini Wete. Mwenyekiti, Mzee Zubeir, alikuwa ameshika shavu kwa maumivu ya jino. Alipokisogeza cheti karibu na uso akisome, jino likatulia. Akampa mwenzake wa kulia, aliyekuwa na jino bovu pia, na lake likatulia.

"Cheti chako kina dawa," alisema Mzee Zubeir, akaiandika dawa hiyo kwenye fomu, sehemu ya sifa za ziada. "Lakini tangazo lataka shahada ya pili, mwanangu. Na uzoefu wa miaka mitano."

"Uzoefu ntaupata wapi, mzee, na hamjaniajiri?"

"Wote mwatuuliza hilo," alisema, na kwa kweli alimhurumia. "Tutakwita tena."

Wakamwita tena. Usaili wa pili walikuwapo mhasibu na dereva, mashavu yamewavimba. Usaili wa nne alikuja mke wa Mzee Zubeir. Kila mara Ruweida aliulizwa nguvu zake na udhaifu wake, akajibu vizuri, huku cheti kikipita kutoka shavu hadi shavu. Usaili wa sita pakawekwa benchi barazani. Kwenye benchi alikaa Hudhaifa, kijana mwenye shahada ya pili, aliyekwisha kupewa ile kazi. Gego lilikuwa likimtesa. Alishukuru sana, akamwagizia Ruweida chai.

Alasiri baada ya usaili wa saba, Ruweida alimkuta mama yake uani akichambua karafuu kwenye makonyo, vile vijiti vyake, kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa shavuni.

"Wasemaje?"

"Nirudi Jumatatu. Mama, jino lakuuma tangu lini?"

"Tangu msimu uanze."

"Na cheti kimo humu ndani!"

"Nachelea kukimaliza dawa, mwanangu. Wewe hujapata kazi bado."

Ruweida alilia kidogo, kisha akacheka, kwa sababu alimpenda mno mama yake. Akakitoa cheti kwenye bahasha, akamwekea shavuni, akakishikilia hapo mpaka adhana ya Magharibi. Jino likatulia. Bi Mwanawema akakipeleka cheti kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza huku na huku, akakibonyeza kwa kidole gumba kama apimavyo karafuu.

"Ndiyo maana hawakwajiri," alisema. "Hakijakauka vyema, na kosa ni langu. Kesho ntakianika tena."

Akakianika. Jumatatu Ruweida akaenda nacho, na benchi lilikuwa limejaa.