Sauti Iliyojibu Kizimbani

Hivi umeshawahi kukalia benchi la mahakama, lile la nyuma lenye msumari uliochomoza, ukanaswa gauni ukaogopa hata kujinasua, usije ukaonekana unahangaika? Ndivyo alivyokaa mama yake Mpole asubuhi ile, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba vidonge vya mwanawe kavifunga kwenye leso.

Mpole alikuwa fundi cherehani, mkono mwepesi, mtu wa maneno machache. Sauti ilimjia akiwa kijana. Ilikaa juu ya bega lake la kushoto, nzito, kama ya mtu mzima mwenye mafua, na nyumbani kila mtu aliisikia. Ilikosoa chumvi kwenye mchuzi. Iliitikia salamu za wageni kabla yake. Dada yake aliiambia ihame kama nyumba imeishinda, nayo ikamwita kasuku. Mama ndiye aliyegundua kwamba ukibishana nayo inapandisha, ukiiacha inachoka. Basi akamfundisha mwanawe: "Ikisema, baba, wewe nyamaza. Iache imalize." Mpole akalishika neno hilo kama sala. Majirani waliambiwa ni redio.

Mwaka huu sauti ikashikilia kwamba mwenye duka alimokuwa akishonea ameshonwa vibaya, afumuliwe. Mpole akamfumua begani kwa mkasi. Mwenye duka alipona, ila mkono haunyanyuki tena.

Karani akasoma shtaka, akauliza kama ni kweli au si kweli.

"Ni kweli," sauti ikasema. "Na bado."

Mpole alikuwa amefumba mdomo, kila mtu aliona. Hakimu akaipandisha miwani, akapatazama pale patupu juu ya bega, akaiomba sauti irudie kwa nguvu kidogo maana feni ilikuwa inapiga kelele. Ikarudia. Wakili aliyepewa Mpole asubuhi hiyohiyo akasimama, akasema jibu halikutoka kinywani mwa mteja wake. Mwendesha mashtaka akasema limetoka kizimbani, na kizimbani yumo mtu mmoja tu. Hakimu akaona hapo pana hoja. Karani akaandika kwamba mshtakiwa amekiri.

Wakili akaomba basi apelekwe hospitali, akapimwe akili. Hakimu akamgeukia Mpole, akamwuliza taratibu kabisa kama anaumwa. Mpole akanyamaza kama alivyofundishwa, kwa kuwa sauti ilikuwa imeshaanza kujibu. Ilisema haijawahi kuumwa hata kichwa. Ikataja tarehe ya siku hiyo bila kusita, kisha ikamwonyesha hakimu mshono uliopinda kwenye koti lake. Hakimu akaukagua, akakuta ni kweli umepinda, akasema mtu mwenye macho ya namna hiyo ana akili timamu.

Mama akainua mkono. Pembeni yake walikaa majirani wawili, walewale wa redio. Mkono ukarudi wenyewe kwenye mkoba. Alipouinua tena, miaka saba ilikuwa imeshatamkwa na karani anaita kesi nyingine.

Huko ukumbini wafungwa walipangwa ukutani kungoja gari. Sauti, kwa kuongea asubuhi nzima, ilikuwa imepitiwa na usingizi na inakoroma. Askari aligeuka kutafuta anayekoroma, akaona ni ile ya Mpole, akaendelea na pingu zake. Mama akamwomba apokee vidonge. Askari akamjibu vizuri tu kwamba hawezi, mama yangu, karatasi inasema huyu ni mzima. Akamfungia leso vizuri, akamrudishia.

Mpole akamwinamia mama sikioni. Sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba. Mama alikuwa ameanza kuisahau.

"Imelala," akasema. "Naweza kusema sasa?"

"Sema, baba."

"Naumwa, mama. Pale hakimu aliponiuliza, nilitaka kusema naumwa."